Korongo wa Nyayo na gari langu jeusi
Jana niliegesha chini ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Kurudi, boneti yote kinyesi cha wale ndege korongo! Kina asidi, kikikaukia juani kinakula rangi, kwa hiyo sikusugua. Nimekifunika kwa kitambaa kilicholowa maji hadi kikalainika, nikakiinua taratibu.

Nyumbani nikaosha kivulini kwa ndoo mbili, moja ya sabuni ya magari, nyingine ya kusuuza glavu ya kuoshea. Mtaani waliwahi kunioshea gari kwa tambara lililotoka kwenye magurudumu, na ile mikwaruzo ya duara bado inaniuma kila jua likiwaka. Nyeusi haifichi kitu. Nikakausha kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, nikapaka nta. Jioni nimeona mawingu mlangoni mwa gari, jamani, linang'aa!