Paul Terasaki na figo isiyofaa kupandikizwa

Watu wa vyuo vikuu wakitaka kupima uzito wa kazi ya mtafiti, huhesabu makala alizoandika na mara ambazo wenzake wamezinukuu. Kwa kipimo hicho Paul Terasaki wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa miongoni mwa watafiti wa mbele katika fani yake ya upandikizaji wa viungo. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni ya maabara, namheshimu zaidi kwa jambo lisilohesabika kirahisi: alitufundisha kuitambua figo ambayo haifai kupandikizwa kwa mgonjwa fulani, hata kama mgonjwa huyo ameisubiri kwa hamu kiasi gani.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1929 katika familia yenye asili ya Japani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia familia hiyo, pamoja na Wamarekani wengine wengi wa asili hiyo, ilizuiliwa kambini huko Arizona. Baada ya masomo alikwenda London kufanya utafiti chini ya Peter Medawar, mtafiti wa namna mwili unavyokataa tishu ngeni, kisha akarejea Los Angeles na kubaki huko.

Mwaka 1964, yeye na John McClelland walitangaza kipimo cha kutambua aina ya tishu za mtu, kilichobadilisha kazi yetu. Katika kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo, mtaalamu anadondosha chini ya mafuta mikrolita 1 tu (sehemu ya elfu ya mililita) ya seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, anaongeza chembe nyeupe za damu, halafu seramu ya sungura yenye protini zinazosaidia kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi ya vitu vigeni, kuua chembe. Mwishoni anatia rangi na kuchungulia kwa darubini. Chembe iliyokufa huinywa rangi, iliyo hai huikataa. Udogo wa tone ndio uliokuwa siri ya mafanikio, maana seramu zenye kingamwili zilizohitajika zilikuwa adimu, nyingi zikitoka kwa akina mama waliozaa mara kadhaa, na mililita 1 sasa iliweza kutosha vipimo mia kadhaa. Visahani viliandaliwa, vikagandishwa na kusafirishwa hadi maabara za nchi nyingine, zikaweza kulinganisha matokeo yao.

Miaka mitano baadaye, pamoja na Ramon Patel, alichapisha uchunguzi wa upandikizaji 225 wa figo. Seramu ya mgonjwa ilikuwa imechanganywa na chembe za mchangiaji. Kati ya wagonjwa 30 ambao seramu yao iliziua chembe hizo, 24 walipoteza figo papo hapo; kati ya 195 ambao seramu yao haikuziua, waliopoteza figo hivyo walikuwa 8. Kabla ya hapo daktari angeweza kuunganisha mishipa vizuri kabisa, kisha akaiona figo ikigeuka rangi ya samawati na kulegea mbele ya macho yake. Sidhani kama kuna jedwali fupi kuliko hilo lililookoa figo nyingi zaidi.

Kuna jambo jingine ninalolipenda kwake, nalo ni ukaidi wake wa kusimama na takwimu hata zikimwendea kinyume. Katika mkutano wa mwaka 1970 mjini The Hague, alieleza kwamba kwa figo zilizotoka kwa marehemu, ulinganifu wa tishu, yaani jambo lile lile lililompa jina, haukutabiri matokeo kama ilivyotarajiwa. Wenzake walikasirika, na fedha za serikali alizokuwa akizitegemea zikasitishwa kwa muda. Takwimu nyingi zaidi za baadaye zilionyesha kuwa ulinganifu una faida, ila ndogo kuliko ile inayoonekana kati ya ndugu wa tumbo moja.

Utafiti wake wa mwaka 1995 unatugusa sisi moja kwa moja. Yeye na wenzake walionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 85 ya figo zilizotolewa na mume au mke zilikuwa bado zinafanya kazi, ilhali zilizotoka kwa marehemu zilikuwa asilimia 70. Tanzania, ambako upandikizaji wa kwanza ulifanyika Muhimbili Novemba 2017 baada ya miaka mingi ya kupeleka wagonjwa India, hutegemea wachangiaji walio hai, na bado katika vikao vya ukoo husikika hoja kwamba mke si damu yake, figo yake haitakubali. Hoja hiyo haina msingi, mradi makundi ya damu yanaafikiana na seramu ya mgonjwa, ikichanganywa na chembe za mchangiaji, haiziui.

Tahadhari ya kweli iko upande mwingine. Mwanamke aliyewahi kupata mimba anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya tishu za baba wa watoto wake, hivyo mume anapotaka kumchangia mkewe, seramu ichunguzwe kwa makini zaidi. Tena, mgonjwa aliyeongezewa damu baada ya kupimwa apimwe upya kwa seramu mpya kabla ya upasuaji, kwa sababu majibu ya miezi kadhaa iliyopita hayazionyeshi kingamwili zilizozaliwa jana.