Kumbukumbu ya mradi: jengo la 1928 na nyumba isiyo na namba

Januari, wiki ya pili

Kibanda changu cha kutengeneza simu kiko chini ya jengo la mawe nyuma ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Juu ya mlango mkubwa, chini ya rangi iliyopakwa juu ya rangi, pamechongwa 1928. Miaka minne nimepita hapo bila kuinua macho. Juzi mteja aliyekuwa akisubiri nimbadilishie kioo akauliza, "Fundi, hili jengo lilikuwa la nani?" Nikamjibu la Wahindi. Akacheka: "Wahindi gani?" Nikanyamaza. Tangu siku hiyo swali lake nimelibeba kama deni.

Nilianza na msimamizi wa jengo, mzee mpole ila hapendi maswali. Baada ya chai mbili alinionyesha bili ya ada za ardhi za kaunti, na pale juu ndipo nilipoipata namba ya kiwanja. Viwanja vingi vya katikati ya Nairobi namba zake huanza na 209, kisha mkwaju (alama hii: /), kisha namba ya kiwanja chenyewe. Kikigawanywa, mara nyingi unaongezwa mkwaju mwingine, na hapo unaweza kusoma mtoto ametoka kwa mzazi yupi. Eastleigh wao huanza na 36. Yetu siiandiki hapa. Jengo lina mwenyewe na hajaniomba nimtangaze.

Januari, mwishoni

Nilidhani Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, itamaliza kazi kwa jioni moja. Mfumo huo ulizinduliwa Aprili 2021 na ulianzia hapa Nairobi, kwa hiyo nilijiona mwenye bahati. Lakini ukifanya sachi, yaani kuuliza rekodi ya kiwanja, unaelezwa mambo ya leo: nani ameandikishwa, kiwanja kina ukubwa gani, kama kina deni la benki. Umetengenezewa mtu anayetaka kununua. Mimi ninayeuliza habari za 1928 ni kama nimeingia duka la dawa kuulizia nguo.

Februari

Wiki hizi mbili ndizo zilizonilipa. Gazeti rasmi la serikali lilianza kuchapishwa 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi, na matoleo mengi ya zamani yamepigwa picha na kuwekwa kwenye Google Books. Unaandika neno, inakuletea kurasa. Bure, ukiwa na bando tu.

Siku ya kwanza nilitafuta "Tom Mboya Street" katika matoleo ya 1930. Hakuna kitu. Nikalaumu mtandao, nikabadilisha laini, nikajaribu tena. Ilinichukua nusu saa nzima kukumbuka kwamba mwaka huo Mboya mwenyewe ndiyo kwanza alizaliwa. Barabara hii ilikuwa Victoria Street. Ronald Ngala ilikuwa Duke Street, Moi Avenue ilikuwa Government Road, na Biashara Street ilikuwa Bazaar Street. Kenyatta Avenue nayo imebadili jina mara mbili: Sixth Avenue, kisha Delamere Avenue. Ukifuata majina ya barabara utapotea. Fuata namba ya kiwanja.

Hata namba ina vituko vyake. Programu inayosoma zile picha huchanganya mkwaju na moja, kwa hiyo 209/ inageuka 2091. Tangu nianze kuandika makosa kwa makusudi, napata nisichokuwa nikipata. Pia usitafute "L.R.", kifupi kinachotangulia namba ya kiwanja, peke yake, kwa sababu matoleo ya zamani mara nyingine huandika "L.O.", au "Plot No." tu.

Na nikalipata jengo letu! Mara ya kwanza katika tangazo la miaka ya thelathini: ndugu wawili, wauza vitambaa, wanavunja ushirika wao wa biashara, na yule anayebaki ndiye atakayelipa madeni yote. Mistari saba. Hakuna sababu iliyotajwa. Nilikaa nikiiwaza hiyo "madeni yote" mpaka mteja akagonga meza. Miaka kadhaa mbele yuko tena yule aliyebaki, safari hii katika matangazo ya mirathi: amefariki, wanaomdai wajitokeze. Nilijiona kama mtu aliyefika matangani watu wameshakunja mikeka. Kisha kimya kirefu, halafu tangazo la hati iliyopotea, lile linalotoa siku 60 kwa mwenye pingamizi kabla ya hati ya muda kutolewa. Humo kuna jina jipya kabisa.

Kwa hiyo mteja wangu sasa namjibu: la ndugu wawili waliogombana. Hilo la kugombana nimeliongeza mimi, nakiri. Tangazo linasema tu wameachana.

Machi

Jumapili nilikwenda Majengo kumwamkia nyanya, nikamwonyesha yote haya kwenye simu. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Sasa mjukuu wangu, nitafutie nyumba ya mama yangu ya Pangani."

Si Pangani ya leo yenye magorofa. Ni kijiji cha Pangani cha zamani, walikokaa Waafrika, Waislamu wengi, na nyumba nyingi zikimilikiwa na wanawake. Serikali ya mji ilikivunja mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Nyanya amezaliwa Majengo baada ya hapo, lakini nyumba ile anaijua kwa hadithi za mama yake: vyumba sita, ukumbi katikati, vyumba vinne vya kupangisha.

Nimetafuta wiki tatu. Nimeandika Pangani kwa kila njia, nikaletewa Pangani ya kule Tanga, mto na bandari yake. Kijiji chetu kinatajwa kwa jumla tu, kama shida ya kushughulikiwa. Mwenye nyumba hata mmoja sijamwona.

Nikaanza kuelewa kwa nini. Wale ndugu wa vitambaa walikuwa na kiwanja kilichopimwa, chenye hati, na kila walipokopa, walipoachana au walipokufa, karatasi ilibidi iandikwe. Mama yake nyanya alijenga kwa pesa yake juu ya ardhi ambayo haikuandikwa jina lake. Pumwani nako ilikuwa hivyo: nyumba yako, kiwanja cha manispaa. Halikuwa jambo la bahati mbaya. Mwaka 1913 daktari aliyeletwa kutoka Uingereza, Simpson, alishauri miji hii igawanywe kwa rangi za watu, na Nairobi ikachorwa hivyo: huku Wazungu, kule Wahindi, Waafrika pembeni kwa muda. Mtu wa muda hapewi namba. Naweza kukueleza ugomvi wa watu nisiowajua, tena nikiwa nimekaa kibandani, lakini nyumba ya bibi mzaa nyanya yangu siwezi kukuonyesha ilipokuwa.

Haikunipendeza. Nusura niuache mradi.

Aprili

Nimebadilisha njia. Jengo la 1928 linaendelea polepole. Nataka nikaulize Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, ambako siku zote napita nikielekea stendi bila kuingia. Ila Jumapili sasa ni za Majengo.

Nilimpelekea nyanya kalenda ya mwaka jana, tukaigeuza nyuma, yeye akisema nami nikichora. Hapa kisima. Hapa kwa mshona kofia. Hapa mama wa maandazi, aliyekopesha nusu ya kijiji. Nyumba yetu ya tatu kutoka kwa mshona kofia, mlango ukitazama mto. Nilipotaja namba za viwanja alinikatiza: "Nani alihitaji namba? Uliuliza tu kwa mshona kofia."

Jirani yake, naye wazazi wake walitoka Pangani, aliingia akaitazama ramani, akatingisha kichwa. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nimeambiwa nirudi Jumapili na karatasi kubwa zaidi, na penseli badala ya kalamu, maana msikiti tumeuweka upande usio wake.