Kumbukumbu ya darasa letu la muziki, Isevya: kila mtu na do yake

Jumamosi ya 1

Wamekuja 14. Mdogo kuliko wote ana miaka 7, mkubwa ni mzee wa miaka 68. Chumba ni kile cha uani kwetu hapa Isevya, Tabora, kilichokuwa stoo ya karanga. Tumekipiga chokaa na kuazima mabenchi. Vyombo tulivyonavyo ni kinanda kimoja cha vitufe 61, magitaa matatu, tarumbeta mbili za kuazima kanisani na klarineti moja niliyonunua kwa mtu. Ada ni shilingi 1,000 kwa Jumamosi, na asiye nayo anakuja vilevile.

Nilipowaambia tutajifunza muziki wa kiklasiki wa Ulaya na jazz ya Marekani, mzee aliniuliza, "Jazz ipi, mwanangu? Mbona sisi tulikuwa nayo hapahapa?" Amesema kweli. Mji huu ndio uliotoa Kiko Kids Jazz, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Kwa watu wa rika lake jazz ni bendi ya dansi: gitaa la solo, rithimu, besi, saksafoni, na chemko, sehemu ya kuchangamka zaidi, wimbo unapokaribia kuisha. Yeye mwenyewe alipiga rithimu ujanani. Hajui kusoma hata noti moja, lakini ukimwimbia kitu mara mbili, cha tatu anakupigia.

Watoto wa kwaya wako kinyume chake. Wape karatasi ya solfa, yaani noti zilizoandikwa kwa herufi d r m (do, re, mi), wanaisoma bila kusita. Iondoe karatasi, chumba kizima kinanyamaza. Basi nimeshajua kazi iliyo mbele yangu: msomaji asikie, na msikiaji asome.

Jumamosi ya 3

Klarineti ilikuja bila ulimi, kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni na kutoa sauti. Aliyeniuzia alisema imekamilika, nami sikuifungua mbele yake. Ndimi tatu zimefika leo kwa basi kutoka Dar es Salaam, na binti wa miaka 11 ameshatoa sauti ya kwanza, nene na nzuri. Hiki chombo chetu ni cha plastiki, ila klarineti nzuri duniani huchongwa kwa mpingo, na mpingo huo unatoka pia kwetu, huko Kilwa na Lindi. Niliwaambia watoto. Mmoja alikuwa anaujua mpingo kwa vinyago tu, akabaki anaitazama klarineti.

Jumamosi ya 4

Leo tulipiga pamoja kwa mara ya kwanza na ikaharibika. Nilisema, "Wote C." Kijana wa tarumbeta akapiga C yake, kinanda kikapiga C yake, na yule wa miaka 7 akaziba masikio. Kijana alidhani amekosea, akarudia kwa nguvu zaidi. Hakuwa amekosea. Tarumbeta zetu ni za B flati (B iliyoshushwa nusu hatua): mpigaji akisoma C, inayosikika ni B flati ya kinanda, hatua nzima chini. Kule kwenye bendi yao ya tarumbeta hakuna anayeligundua kwa sababu wote wanashuka pamoja.

Jumamosi ya 5 na ya 6

Nililiwaza jambo hili wiki nzima. Kinanda kina kitufe cha kushusha noti zote nusu hatua. Ningekibonyeza mara mbili, kazi imekwisha. Lakini magitaa je? Na kijana angeondoka hapa bila kujua kilichotokea.

Jibu wanalo wanakwaya wenyewe. Katika solfa do haina makazi, inahama na wimbo. Nikafuta herufi zote ubaoni, nikaandika d r m peke yake, kisha nikampa kila mmoja do yake. Kinanda na magitaa, do ni C. Tarumbeta na klarineti, ambayo nayo ni ya B flati, do ni D, ili isikike C. Kwa kijana wa tarumbeta do ikawa valvu (vile vitufe vya tarumbeta) ya 1 na ya 3, re ya 1 na ya 2, mi ya 2 peke yake, fa bila kubonyeza kitu. Alipanda taratibu, vidole vikitangulia pumzi. Alipofika fa akanitazama. Zimekutana!

Tumeanza na minueti, muziki wa dansi ya zamani ya Ulaya, iliyomo kwenye daftari la Anna Magdalena Bach la 1725. Kwa muda mrefu watu waliamini ni kazi ya mumewe, Johann Sebastian, hadi miaka ya 1970 ilipobainika mtunzi ni Christian Petzold. Asili yake iko G, sisi tumeihamishia C. Inaanza hivi: so, do re mi fa, so, do, do. Watoto walimwimbia mzee, mzee akaitafuta kwenye nyuzi. Mkono wake ulitaka mapigo manne, minueti ina matatu. Ilimchukua saa nzima, na hakukubali kupumzika.

Jumamosi ya 9

Bluzi. Vipimo 12, kila kimoja mapigo manne, na herufi ni chord za gitaa: vinne vya C, viwili vya F, viwili vya C, kimoja cha G, kimoja cha F, viwili vya C. Mzee aliushika mzunguko mara ya kwanza. Suingi, mwendo wa mdundo wa jazz, ndiyo iliyowasumbua watoto, maana noti mbili za pigo moja hazilingani, ya kwanza inakaa zaidi. Mama mmoja muuza mchele, mwanafunzi wetu naye, akasema, "Si kama kutwanga wawili kinu kimoja, mwenzio akichelewa kidogo?" Akaonyesha kwa viganja juu ya benchi. Sikuongeza neno.

Kisha nikakusanya karatasi zote. Noti tano tu, do, ma, fa, so, ta, na kila mmoja atunge vipimo viwili vyake. Ma na ta wanazifahamu, ni mi na ti zilizoshushwa nusu. Zamu ikafika kwa binti wa klarineti. Akapiga ta. Akaishikilia hiyohiyo vipimo vyote viwili, macho chini, mzee akiendelea na rithimu. Alipomaliza alisema, "Samahani mwalimu, nimekosa cha kupiga."

"Hukukosa, mjukuu wangu," mzee akamjibu. "Rudia, mimi nakusubiri."

Jumamosi ya 10

Mzee amekuja na daftari jipya na penseli. Amemwomba binti amwandikie ile ta aliyoipiga, kisha akainakili mwenyewe chini yake, mistari miwili. Wiki ijayo anaanza na do. Gitaa lake linahitaji nyuzi mpya, nimeshaagiza.