Wakutaja kwa wema ama kwa ubaya?

Jana usiku nilikuwa najaza fomu ya promosheni, kuna kisanduku wanataka makala zako zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine, na kingine wanataka indeksi ya h, basi nikafungua profaili yangu roho mkononi kama mtoto anayesubiri matokeo ya KCSE. Mara 214. Indeksi ya h, 7. Yaani nina makala saba ambazo kila moja imetajwa angalau mara saba, ya nane haijafika nane. Hesabu hii aliibuni Jorge Hirsch mwaka 2005, mwanafizikia huyo, wala si mkemia kama mimi, na siku hizi ndiyo inaamua nani apande nani abaki pale pale.

Mamangu alikuwa hapo sebuleni achagua mchele, kaniuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia watu 214 wamenitaja. Akaniangalia juu ya miwani. "Wakutaja kwa wema ama kwa ubaya?"

Nikacheka, lakini swali halikunitoka mpaka saa saba usiku, maana ile namba haisemi. Anayekusifu ni moja, anayekukosoa ni moja, na wewe ukijitaja mwenyewe pia moja. Nikaanza kufungua moja moja.

131 kati ya hizo ni makala moja tu, ya jinsi ya kuyeyusha nyama ya chaza kwenye asidi ya nitriki kabla ya kupima zinki na shaba. Kazi ya wiki mbili hiyo, sina la kuisemea.

Ile niipendayo mimi imetajwa mara sita. Ni ya pweza, ama tuseme ilianzia kwa pweza. Nimekula supu ya pweza tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa damu yake ni ya buluu. Sisi twabeba oksijeni kwa chuma, ndiyo damu yetu nyekundu, yeye abeba kwa shaba, atomi mbili za shaba kwa kila molekuli ya oksijeni, zikiishika oksijeni, rangi yawa buluu, zikiiachia, haina rangi. Kitajima na wenzake huko Japani mwaka 1989 walitengeneza kampaundi ndogo ya shaba inayoshika oksijeni namna hiyo, wakaonyesha oksijeni imelala ubavu katikati ya shaba mbili, na baadaye ikaonekana kwenye protini za viumbe wenyewe ni vile vile. Mimi nami nikataka yangu. Hapa hapa Mombasa. Mwezi wa Februari!

Sasa hizi kazi zataka baridi kali, na barafu kavu hatukuwa nayo, naitrojeni ya kimiminika iliagizwa mwaka wa kabla yake mpaka leo iko njiani. Nikaenda kwa wauza barafu ya samaki nikanunua gunia zima, tukaiponda tukachanganya na chumvi, ukibahatika wafika nyuzi 20 chini ya sifuri, basi hapo ndipo mwisho. Tukapitisha oksijeni. Ile kampaundi yetu ya shaba, manjano hafifu, ikawa zambarau, wallahi zambarau ya ganda la biringani, mwanafunzi wangu akapiga ukelele, nikahesabu dakika mbili na nusu halafu ikageuka kijani, na shaba ikishageuka kijani namna ile ujue kwisha habari.

Fuwele za ile kijani tukazituma nje zipigwe eksirei, miezi minane. Zikarudi na bondi tano kwa kila shaba, nami kama kila mtu mwenye shaba ya bondi tano nikahesabu tau, namba ya kukwambia bondi hizo tano zimekaa umbo gani: chukua pembe mbili kubwa kuliko zote, toa ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa 60. Ikija 0 ni piramidi ya msingi wa mraba, ikija 1 ni piramidi mbili za pembetatu zilizogandana vitako. Addison na wenzake waliitoa 1984 na imetajwa mara maelfu na maelfu. Mstari mmoja wa hesabu! Siwaonei kijicho (kidogo tu).

Sita zangu sasa. Tatu nimejitaja mwenyewe. Mbili tumetupwa kwenye kundi la wengine kumi na kitu, sidhani kama hata walifungua. Ya mwisho ni ya mtu ambaye ameandika aya nzima kusema zambarau yetu huenda si oksijeni iliyoshikwa, huenda ni uchafu kwenye kimumunyisho, na amerudia jaribio lote kwa baridi ya kweli. Nilipoisoma mara ya kwanza, miaka minne sasa, nilifunga laptopu kwa hasira nikaenda zangu kunywa kahawa. Jana nikaisoma polepole. Mpaka ile chumvi yetu na barafu ya samaki ameitaja, iliyokuwa kwenye maelezo ya chini kabisa ukurasa wa mwisho. Kumbe ndiye aliyenisoma. Na yuko sawa pia, walau nusu, tulipaswa kupima spektra, yaani mwanga gani inafyonza, kwanza kabla ya kupiga makelele.

Nikajaza 214, nikalala.

Asubuhi mamangu kaniuliza, haya, wale wa jana? Nikamwambia nimempata mmoja, wa ubaya, na nataka kumwandikia imeli.

"Mwandikie," akasema. "Na ukipita sokoni niletee pweza, mdogo, yule mkubwa aniumiza meno."