Treni ya mvuke ya Ooty, ami alitaka mwenyewe

Coimbatore watu wa kwetu wanaijua kwa hospitali tu, mtu wa Lamu akisema anaenda India hakuna anayemuuliza kufanya nini. Mi nilimsindikiza ami, tukaambiwa tungoje majibu ya vipimo, nikamwambia hapo Mettupalayam si mbali kuna treni ya mvuke, ya reli ya Nilgiri, inapanda mlima hadi mji wa Ooty, utaweza? Akanijibu, "Mwanangu, nimevuka mkondo wa Mkanda kusi ikivuma, treni ndo itanitisha?" Haya.

Basi ilimtisha lol. Ni km 46 lakini unatoka mita 326 unafika kama 2,200 juu ya bahari, na sisi kilima tunachokijua ni michanga ya Shela. Ukishapita stesheni ya Kallar, katikati ya reli mbili kunaanza vyuma vya meno, ni viwili vimelazwa sambamba na meno yao yamepishana, ili gia ya injini isikose jino la kushika hata sekunde moja. Injini ina silinda nne, mbili zinazungusha magurudumu ya kawaida na mbili hizo gia. Na haivuti, inasukuma kutoka nyuma! Kwa hiyo behewa la mbele halina kitu mbele yake, ni bonde tu unaliona, na kila behewa lina mtu wa breki amesimama kibarazani na bendera nyekundu na kijani, wanapeana ishara mpaka imfikie dereva huko nyuma. Ami alimkazia macho yule wa behewa letu njia nzima, nahisi alikuwa anamuombea dua.

Spidi hapo ni km 13 kwa saa, punda aliyeshiba angeipita. Stesheni ya Hillgrove treni inasimama kunywa maji, abiria nao wanashuka kunywa chai. Stesheni ya Coonoor wakabadilisha injini, wakaweka ya dizeli hadi Ooty, raha yangu ikaishia hapo.

Kinachoniuma ni kwamba reli ile upana wake ni mita 1, sawasawa na reli yetu ya zamani ya Mombasa, na Mount Gelai yetu, injini ya mvuke namba 5918, iko makumbusho ya reli Nairobi watu wanapiga nayo selfi. Lamu tuliingia urithi wa dunia 2001, ile reli ya Nilgiri 2005, na yao bado inabeba abiria.

Tiketi zinaisha haraka, kata mapema. Na vitafunio ficha, tumbili wa Hillgrove hawana adabu.