Siku moja maishani mwangu: Mogadishu, Julai 2011

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana inaniamsha kabla ya redio. Mimi ni luteni wa jeshi la Uganda katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, na kazi yangu ni ramani ya chumba cha operesheni. Chai ya rangi, kisha ripoti za usiku.

Saa moja. Kasipiri, gari letu la deraya, inanipeleka mbele. Wenzetu wa kwanza walipotua hapa Machi 2007, kazi ilikuwa kulinda uwanja wa ndege, bandari, ikulu ya Villa Somalia na njia panda ya K4. Walipigwa na Al-Shabaab, wanamgambo wanaopigana na serikali, wakajibu, wakabaki palepale. Sasa tunasogea nyumba kwa nyumba. Barabara ni mali ya wadunguaji, kwa hiyo hakuna anayeikanyaga: askari wanatoboa kuta kwa nyundo kubwa na kupita ndani kwa ndani. Leo nimepita matundu 11 hadi kumfikia kapteni wa kompani. Ndani ya chumba kimoja kulikuwa na kitanda cha mtoto, godoro bado limetandikwa. Nilikizunguka taratibu, sijui kwa nini. Nyuma yetu buldoza linainua tuta la udongo, maana tukishika mtaa hatuuachi tena.

Saa tano, nimerudi kwenye ramani. Redio: kapteni yuleyule.

"Luteni, wanatupiga kutoka upande wa Bakara. Naomba makombora ya mota."

Napima. Bakara ni soko, na kwenye ramani pamezungushiwa kalamu nyekundu, yaani hapapigwi, kama hospitali zilivyozungushiwa. Kwa miaka kombora lilijibiwa kwa kombora, na makombora ya pande zote yaliua raia. Mwaka huu tumepewa masharti mapya: epuka kuwapiga raia, wakidhurika, ijulikane ni kombora la nani, kama ni letu, tuwajibike kwa waliodhurika. Mkuu wa zamu anaangalia kalamu yangu, anatikisa kichwa.

"Hapana, afande. Ni nyekundu."

"Nina majeruhi wawili."

"Kasipiri inakuja. Warudishe nyuma ya tuta."

Redio ikanyamaza. Dakika 40 nilizoisubiri ile Kasipiri ndizo kazi yangu ngumu kuliko zote. Naliamini sharti lile kwa moyo wote, na bado nilisikia kichefuchefu.

Saa nane, posho, yaani ugali, na maharage. Nakula nusu.

Saa tisa nipo kwenye kliniki yetu ya raia. Wiki iliyopita Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Bakool na Shabelle ya Chini, na watu wanazidi kumiminika mjini, ndani ya kilele cha vita. Akina mama wamebeba watoto waliobaki macho tu. Mzee mmoja kutoka Bakara anazungumza, mkalimani anafuata: "Al-Shabaab wakisharusha, wanahama. Jibu lenu linatukuta sisi."

Saa kumi na mbili jioni nafuta mstari wa jana na kuchora mpya, mita 60 mbele. Majeruhi mmoja anapelekwa Nairobi kwa ndege. Mwingine atabaki hapa.

Saa tatu usiku, redio tena.

"Luteni, kesho Bakara ni nyekundu bado?"

"Bado, afande."

Kimya kirefu.

"Basi niletee nyundo. Mbili zimevunjika mpini."