Namba ndogo ya baba

Mikindani, Jumapili usiku

Baba amelala. Alasiri tukiwa barazani ameniuliza tena, mara ya tatu wiki hii: "Mwanangu, tezi wameshaitoa. Hiyo PSA inatoka wapi?"

Ni swali zito, nami nimerudi nalo kutoka Dar. Baba alitolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. PSA ni protini inayopimwa kwenye damu, nayo hutengenezwa na seli za tezi hiyo, nzima na za saratani. Tezi ikishaondolewa, baada ya wiki 6 hadi 8 kipimo cha damu hakitakiwi kuikuta. Kwa miaka miwili baba alikuwa hivyo. Kisha ikaja 0.2 (nanogramu kwa mililita ya damu), tuliporudia, 0.3. Kwa mtu mwenye tezi yake namba hiyo si kitu. Kwa aliyetolewa, 0.2 ikithibitishwa na kipimo cha pili maana yake kuna seli zimebaki mahali. Mahali gani? Ndiyo sababu tulipanda basi la alfajiri kwenda Dar kupiga MRI, picha ya ndani ya mwili, na baba, ambaye tangu upasuaji mkojo haumsubiri, alikaa na kiu mpaka tukavuka daraja la Rufiji.

Wakamuuliza kama ana chuma mwilini, maana mashine ile ni sumaku kubwa. Wakaangalia figo kwanza, kwa ajili ya dawa inayodungwa mshipani ili picha ionekane vizuri. "Inagonga kama mafundi wa mashua," aliniambia alipotoka.

Daktari alinionyesha wanapotazama kwa makini zaidi: pale kibofu kiliposhonewa na njia ya mkojo. Ugonjwa ukirudi karibu, mara nyingi huanzia hapo. Kovu la upasuaji huonekana jeusi na huipokea dawa polepole; saratani huinywa upesi. Kwa baba hakikuonekana kitu.

Nilitoka nje nikampigia mama: picha safi! Alilia kwa furaha, akawaambia mashangazi, mpaka dua ikasomwa. Niliporudi ndani daktari akanikalisha. Picha safi, PSA ikiwa 0.3, haimaanishi hakuna kitu. Kinaweza kuwa kidogo mno, MRI haikioni. Na tusingoje kionekane, kwa sababu tiba ya mionzi baada ya upasuaji husaidia zaidi ikianza PSA ikiwa bado chini ya 0.5.

Sikumpigia mama tena siku ile. Nilishindwa. Nimemwambia juzi jikoni, anakuna nazi. Hakusema neno, aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Lile neno "safi" nililitoa mapema, na mama ndiye aliyelipia.

Kwa hiyo leo baba nilimjibu lote, bila kupunguza. Kwamba picha haijaona, lakini damu imeona. Kwamba mionzi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, hukohuko Dar, na itaangukia msimu wa korosho.

Alinyamaza, akiangalia ghuba maji yakitoka.

"Mwambie mjomba wako aje kesho," akasema. "Nimwonyeshe mikorosho ya kuanzia."